Saa ya marehemu baba iliyonifuturisha mapema

Mtu akinijia na saa ya thamani mkononi akaniuliza, "Hii niipeleke lini kwa fundi?" huwa simjibu kwa kumhesabia miaka. Humsimulia kwanza yaliyonipata Machakos katika Ramadhani ya mwaka 1986, nilipokuwa mwalimu huko.

Nilikuwa nimepanga chumba nje ya mji, mahali ambapo adhana haifiki. Jua nalo halikuwa la kutegemea, maana vilima hulificha kabla halijatua. Kalenda ya Mombasa haikunifaa kitu. Machakos iko magharibi zaidi, na Ramadhani ile iliangukia Mei na mwanzo wa Juni, wakati ambapo jua la huko hutua zaidi ya dakika kumi baada ya kutua Mombasa. Watu wa pwani wanaohamia bara aghalabu husahau jambo hili. Basi nikawa nafuata kalenda ya Nairobi pamoja na saa ya mkono aliyoniachia marehemu baba.

Baba alikuwa baharia. Saa yenyewe ya Kiswisi, ya ile aina inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, aliinunua Aden mwaka 1964, siku ambazo mabaharia wa kila taifa walikwenda kununua saa katika bandari ile isiyotoza ushuru. Aliivaa zaidi ya miaka ishirini na, kwa nijuavyo mimi, ilifunguliwa mara moja tu.

Tangu Shaaban niliona imeanza kwenda mbio, dakika moja hivi kwa siku. Nikajifanya sikuona. Kwanza sikuwa na pesa. Pili nilikuwa na hofu, kwani ni nani aliyekulia pwani asiyesikia habari za fundi aliyetoa mashine nzuri akarudisha mbovu? Na lililokuwa zito kuliko yote ni aibu: baba kaivaa miaka yote ile, mimi mwaka mmoja tu nishaiharibu?

Ijumaa moja nilipokwenda kusali nikailinganisha na saa ya ukutani ya msikitini, iliyokuwa ikirekebishwa kila siku kwa mlio wa redio. Redio yangu mimi ilikuwa imekwisha mawe. Saa ya baba ilikuwa imetangulia dakika tisa! Nilikuwa nimeirekebisha Ijumaa iliyopita, basi nikapiga hesabu nikiwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, jasho likinitoka. Nilimweleza imamu. Akanijibu kwa upole kwamba aliyefuturu akidhani jua limetua, kisha ikabainika halijatua, hana dhambi, lakini siku ile ataikidhi. Nikahesabu siku tano.

Alasiri ile ile nikamwendea mzee mmoja wa Kikamba, fundi mwenye kibanda cha kioo karibu na soko. Kabla ya kushika bisibisi alichukua dira ndogo akaisogeza karibu na saa. Sindano haikutikisika. "Mwalimu, si sumaku," akasema. Akanieleza kwamba saa ikianza ghafla kwenda mbio dakika kadhaa kwa siku, mara nyingi imelala karibu na spika au mota, na dawa yake ni kuiondolea sumaku tu, bila kuifungua. Hilo peke yake limewaokolea pesa watu wengi niliowaambia.

Kisha akafungua kifuniko, akanipa lenzi nitazame. Mafuta yalikuwa yamegeuka gundi nyeusi. Ncha ya kijiti kimoja, kisichozidi unene wa unywele, ilikuwa imeliwa. "Hii ilikuwa inatembea, lakini inajikula," akasema mzee.

Neno hilo ndilo jibu la swali. Saa nyingi za zama zile zinapiga mara 18,000 kwa saa moja, yaani mara 432,000 kwa siku, juu ya tone la mafuta ambalo jicho haliwezi kuliona. Mafuta yakikauka saa haisimami. Itaendelea kutembea chuma kwa chuma, na mwenyewe atajisifu kwamba saa yake haijui fundi. Siku itakaposimama, gharama si ya kusafisha tena, ni ya kutafuta vipuri.

Leo mafuta ya maabara yanadumu kuliko yale ya zamani. Omega wanashauri saa ifunguliwe kila baada ya miaka mitano hadi minane, Rolex husema kama miaka kumi. Mimi nazichukua hesabu hizo kuwa mpaka wa mwisho, lakini dalili ndizo zinazoniamulia. Kila mwezi nailinganisha saa na majira sahihi kwa wiki nzima. Ikibadili mwendo wake wa kawaida, au nikiivua usiku ikiwa imeshiba kamani na isifike kesho yake jioni, naipeleka. Ukungu ukionekana ndani ya kioo usingoje hata siku moja, hasa ukiwa pwani penye chumvi. Lakini saa isiyo na dalili wala haijafika muda wake iacheni, kwa sababu kila kufunguliwa ni hatari nyingine.

Na mkumbushe fundi asiing'arishe. Jamaa zetu wa Maskati wanazijua zile Rolex zenye nembo ya jambia, ambazo Sultan Qaboos, aliyetawala tangu 1970 hadi 2020, alikuwa akizitoa zawadi. Uso wake ukipakwa rangi upya au ukibadilishwa, thamani yake huanguka vibaya, ijapokuwa mashine ni ile ile. Saa ya baba ina mkwaruzo ubavuni alioupata melini. Mzee wa Machakos aliuliza aufute, nikakataa.

Kijiti kipya ilibidi kiagizwe Nairobi, na kikachukua wiki sita. Siku zangu tano nilizilipa mwezi wa Shawwal, nikifuturu kwa saa ya plastiki ya betri aliyoniazima mwalimu mwenzangu. Mwezi mzima haikukosea hata dakika moja.