Namba ya Kelele Inatoka Wapi?



Mwaka 2024 tuliitwa kwenye kiwanda kimoja cha vinywaji. Wenzetu wa sehemu ya chupa walilalamika kwamba wakitoka zamu masikio yanavuma hadi usiku. Pale chupa hukaushwa kwa hewa ya kompresa, nayo hutoa mlio mwembamba unaochoma, kama sauti ya nyoka aliyekasirika. Msimamizi akaja na kipimasauti kipya cha dijitali, akakielekeza kwenye mashine, akatuonyesha kioo: desibeli 84. "Mpaka ni 85 kwa saa 8," akasema, "kwa hiyo hakuna shauri hapa."

Siku ile hatukuwa na la kujibu. Tukaenda kuuliza mafundi na mwalimu mmoja wa ufundi wa umeme. Haya ndiyo tuliyoyaelewa, nasi tunawaeleza kama tulivyoelezwa.

Namba ile haitoki kwenye maikrofoni moja kwa moja. Sikio la mtu halisikii milio yote sawasawa. Ngurumo nzito hulifikia kwa udhaifu. Kwa sababu hiyo kanuni ya vipimasauti iliyotolewa Marekani mwaka 1936 iliweka chujio linaloitwa A, nalo linatumika hadi leo. Mlio wa mitetemo 1,000 kwa sekunde hupita kama ulivyo. Wa mitetemo 100 hupunguzwa desibeli 19. Wa 16,000 hupunguzwa karibu desibeli 7.

Zamani chujio lilikuwa kitu cha kushika mkononi: rezista na kapasita zilizounganishwa kwa risasi. Fikirini kapasita kuwa pipa, na rezista kuwa bomba jembamba la kuingizia na kutolea maji. Maji yakija kwa ghafla pipa halijai papo hapo, na yakikatika halikauki papo hapo. Mlio wa polepole hupata muda wa kulijaza pipa; wa haraka sana hugeuka kabla haujafika mbali. Ukiunganisha kwa namna nyingine, wa polepole ndio huzuiwa. Hiyo ndiyo kazi yote ya kuchuja.

Kipimasauti cha siku hizi hakina mapipa hayo. Husoma sauti mara nyingi kwa sekunde, mara 48,000 katika vingi, kisha hufanya hesabu. Lakini mhandisi hatungi chujio jipya. Huchukua mchoro ule wa zamani akaugeuza kuwa hesabu, na njia mojawapo inayotumika sana inaitwa kwa jina la Mwingereza Arnold Tustin, aliyeiandika mwaka 1947. Kiini chake ni chepesi: kati ya kusoma mara moja na mara inayofuata, tuchukulie kwamba kilichoingia ni wastani wa namba hizo mbili.

Tuone kwa mfano mdogo. Pipa letu lina uvivu wa sekunde 0.9, nasi tunasoma mara 5 kwa sekunde. Njia ya Tustin inatupa kanuni hii: chukua 0.8 ya jibu lililopita, ongeza 0.1 ya namba mpya pamoja na iliyotangulia. Mashine ilikuwa kimya, yaani 0, kisha ikawaka na namba ikawa 100. Jibu la kwanza ni 10, la pili 28, la tatu 42.4. Pipa linajaa! Kila jibu linabeba ndani yake majibu yote yaliyopita, ingawa tumehifadhi moja tu. Chujio la namna hii huitwa linalojirejelea, na ndiyo sababu hesabu chache zinatosha hata ndani ya kifaa kidogo.

Sasa tufike penye shauri letu. Njia ya Tustin ina gharama yake. Pipa la kweli linajua mitetemo yote bila kikomo, lakini hesabu inayosoma mara 48,000 haiwezi kuvuka mitetemo 24,000. Kwa hiyo mitetemo yote ya mchoro wa zamani inasukumwa kuingia chini ya 24,000, kama abiria wa mabasi mawili waliopakiwa katika moja. Walioketi mbele hawasikii kitu. Wa nyuma wanabanana. Mlio wa mitetemo 16,000 unatendewa kana kwamba ni wa 26,000 na zaidi, nao unapunguzwa desibeli 13 badala ya 7. Kwenye 12,000 kosa ni kama desibeli 2. Kwenye ngurumo za vinu na injini kosa halionekani kabisa, na hapo tusimsingizie mtu.

Desibeli 3 maana yake nguvu ya sauti imezidi mara mbili, kwa hiyo si kitu cha kupuuza.

Dawa ipo. Kifaa kikisoma mara 96,000, kosa kwenye 16,000 linabaki kama desibeli 1. Wengine hurekebisha hesabu yenyewe. Lakini cheti peke yake hakimalizi swali, maana kanuni ya kimataifa IEC 61672 inavumilia upungufu mkubwa kwenye milio ya juu kuliko ya katikati.

Tulirudi na barua. Tukauliza: kifaa kinasoma mara ngapi kwa sekunde? Chujio lake limepimwa hadi mitetemo mingapi? Nani alikihakiki, na lini? Msimamizi hakuwa na majibu. Tukakubaliana kukodi kifaa kingine, maikrofoni ikawekwa penye sikio la mfanyakazi na si mlangoni. Kikaonyesha 86. Hatusemi tofauti yote ilitokana na chujio. Mahali pa kupimia napo palibadilika.

Kwa sasa wenzetu wamepewa vizibo vya masikio na wanapokezana kila saa 2. Mazungumzo ya kubadilisha pua za hewa yanaendelea.