Mazoezi ya Mwili na Nguvu ya Kufikiri kwa Mwenye Sklerosi

Labda unamjua mtu hapa Kalunguta, au katika njia ya Butembo na Beni, aliyekuwa na nguvu ya kulima na leo anayumba akitembea. Tena anasahau aliyoambiwa asubuhi. Wengine wanasema, "Ni mvivu," au, "Amelogwa." Wengine wanamlaza ndani ya nyumba siku zote. Tusome habari za ugonjwa mmoja unaoweza kuleta mambo hayo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mungu ameweka katika mwili mishipa ya fahamu. Inachukua amri za ubongo mpaka mikono na miguu, kama waya unavyochukua umeme. Mishipa mingi ina ganda la kuilinda. Katika ugonjwa huu, askari wa mwili wanaopaswa kupigana na vijidudu wanashambulia ganda hilo. Palipoumia panafanya kovu, na amri zinachelewa au zinapotea. Jean-Martin Charcot, mganga wa Paris, aliyaeleza makovu hayo mwaka 1868. Jina lake ni sklerosi ya mabaka.

Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake kuliko wanaume. Wagonjwa ni wengi katika nchi za baridi; karibu na ikweta ni wachache, lakini wako. Hauambukizi, wala si uchawi. Lakini si kila mguu mlegevu ni sklerosi. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huharibu miguu, na vilevile konzo, inayoletwa na mihogo michungu isiyolowekwa vizuri. Basi, kwanza nenda hospitalini upimwe.

NA AKILI JE?

Karibu nusu ya wagonjwa wanapata shida ya kufikiri. Wanafikiri polepole, wanasahau, na mambo mawili pamoja yanawashinda. Huo si uvivu, wala si wazimu. Ni kazi ya makovu yale.

JE, MAZOEZI YANAFAA?

Zamani waganga waliwaambia wagonjwa wapumzike tu, kwa sababu joto la mwili linaongeza udhaifu kwa muda. Lakini mwaka 1996 waganga wa Utah, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa waliofanya mazoezi mara tatu kwa juma, kwa majuma 15. Nguvu zao ziliongezeka na huzuni ikapungua.

Tuseme kweli yote. Mwaka 2023 zilitangazwa habari za wagonjwa 311 katika nchi sita. Waliozoeza mwili na akili pamoja hawakuwapita wenzao katika wepesi wa kufikiri. Basi mazoezi si dawa ya kurudisha akili iliyopungua. Lakini yanatia nguvu miguu na moyo, na yanapunguza uchovu na huzuni. Naye aliyepunguziwa mizigo hiyo huweza kutumia vizuri akili aliyo nayo.

FANYA HIVI

1. Muulize mganga wa hospitali kwanza. Macho yakififia ghafula, au mguu ukilegea upya, acha mazoezi, urudi kwake upesi.

2. Tembea asubuhi mapema, kungali baridi. Ukiona joto, kaa kivulini, unywe maji.

3. Anza na dakika tano, uongeze kidogo kidogo. Mwaka 2013 wataalamu wa Canada walishauri wasiolemewa sana wafikie dakika 30 mara mbili kwa juma, na siku mbili za kutia misuli nguvu.

4. Kama njia si salama, zunguka uani. Shika meza imara, uketi na kusimama mara kumi. Asiyeweza kusimama ainue mikono akiwa ameketi.

5. Kwa kusaidia akili, andika mambo ya siku katika daftari, weka kila kitu mahali pake, maliza kazi moja kabla ya kuanza nyingine.

NENO KWA WATU WA NYUMBANI

Msimfanyie mgonjwa kila kitu. Mwachieni maharagwe ayachambue. Mwambieni neno moja, kisha mngojee jibu bila kumkaripia. Someni Marko 2: yule mwenye kupooza alikuwa na watu wanne wa kumchukua. Mgonjwa wenu anahitaji hata mmoja wa kutembea naye mpaka kanisani.

MASWALI

1. Je, sklerosi inaambukiza?
2. Kwa nini mgonjwa atembee asubuhi?
3. Nani katika kanisa lenu amelazwa nyumbani, na nani atakwenda kwake juma hili?