Aliyeacha Fizikia Akaenda Kuunda Vinanda

Charles Brenton Fisk alikuwa na miaka 20 bomu la atomiki lilipoangushwa Hiroshima, Agosti 1945. Alikuwa mmoja wa vijana waliofanya kazi katika mradi uleule wa Los Alamos, chini ya Robert Oppenheimer, ndiyo, yule wa filamu ya 2023. Vita vikaisha, akasoma fizikia Harvard, kisha akaenda Stanford kuendelea na masomo ya juu.

Hebu vuta picha. Mtoto wa watu kafika Stanford, anasoma fizikia, wakati ambao wanafizikia wanatafutwa Marekani nzima. Halafu anaacha! Anaenda Redwood City, mji wa jirani tu, kujifunza kuunda vinanda vya kanisani kwa fundi aitwaye John Swinford. Baadaye akahamia Cleveland kwa Walter Holtkamp, bado mwanagenzi. Kwetu hapo kikao cha ukoo kingeitishwa, na mjomba wa Mombasa angepigiwa simu saa nane za usiku aje kumsemesha kijana.

Ila jambo hilo halikutoka hewani. Utotoni, kule Cambridge, Massachusetts, aliimba kwaya kanisani, na mwalimu wa kwaya alikuwa E. Power Biggs, mpiga kinanda aliyekuja kuwa maarufu sana Marekani. Sikio lilishaharibiwa mapema.

Tunaposema kinanda hapa, usifikirie kile cha umeme cha bendi ya harusi. (Zamani kule Lamu neno hilihili lilikuwa la chombo cha nyuzi, jamaa ya gambusi, kwa hiyo neno lenyewe limezunguka.) Hiki ni kinanda cha filimbi: mamia au maelfu ya filimbi za mbao na za madini, zimesimama juu ya sanduku lenye hewa inayosukumwa na mivukuto. Filimbi za madini ni mchanganyiko wa risasi na bati. Fundi anayeyusha, anamimina juu ya meza ndefu, linapatikana bamba, analikata na kulikunja. Halafu inakuja kazi ngumu kuliko zote, kuipa kila filimbi sauti yake. Unakwangua mdomo wake kidogo, unasikiliza, unakwangua tena. Ukizidisha, umeiharibu.

Fisk alipoingia kazini, vinanda vingi vya Marekani vilikuwa vya umeme ndani. Ukibonyeza, swichi inapeleka ujumbe, na huko mbali kilango cha hewa kinafunguka. Ni rahisi, na mpigaji anaweza kukaa mbali na filimbi zake. Lakini kidole hakihisi kitu. Katika vinanda vya zamani, kama vya Arp Schnitger wa kaskazini mwa Ujerumani, aliyefariki 1719, kila kibonye kimeungwa na kilango chake kwa vijiti vyembamba vya mbao. Mkono wako ndio unaofungua hewa, yaani unaisikia filimbi ikianza kupumua kabla hata haijalia. Fisk akasema turudi huko.

Mwaka 1961 kampuni yake ikaanza rasmi kwa jina la C.B. Fisk, mjini Gloucester, mji wa wavuvi pale Massachusetts. Mwaka 1967 akamaliza kinanda cha kanisa la Harvard, ngazi nne za vibonye, vyote kwa vijiti. Mmarekani hakuwa ameunda cha namna hiyo katika karne ya 20.

Mimi kinachonivutia zaidi ni ugomvi wake kuhusu hewa. Mafundi wa kisasa walijivunia hewa tulivu, isiyotikisika hata kidogo. Fisk aliandika makala mwaka 1969 akishikilia kwamba hewa ya kinanda inatakiwa kuyumba kidogo, kama pumzi ya mwimbaji, maana muziki wa zamani uliandikwa kwa vinanda vinavyopumua. Mwanafizikia huyo, angeweza kuitengeneza hewa isitikisike kabisa, akachagua itikisike!

Kisha kuna suala la kupatanisha sauti, na hapa wapenzi wa taarab mtaelewa haraka. Kinanda cha umeme kimegawa oktava vipande 12 vilivyo sawa, basi. Mpiga kanuni wa Zanzibar hakubali hilo, ndiyo maana chombo chake kina vijisahani vya kuinua na kushusha nyuzi katikati ya wimbo. Ulaya ya karne ya 16 na 17 nayo haikukubali. Walipatanisha ili baadhi ya sauti zikipigwa pamoja ziwe safi kabisa, tamu, na gharama yake ni kwamba nyingine zinakuwa mbaya mno. Ile mbaya kuliko zote waliiita mbwamwitu, kwa sababu inabweka.

Mwaka 1981 Fisk alikamilisha kinanda cha Wellesley College kwa mfumo huo wa kale bila kuulegeza. Baadhi ya vibonye vyeusi vimepasuliwa viwili, mbele sauti moja, nyuma nyingine, ili kumkwepa mbwamwitu. Mivukuto yake inaweza kuendeshwa na mtu. Muziki wa karne ya 19 hukipigii hapo, na wala hakuna aliyetaka ukipige. Wengine wataona ni ukaidi. Mimi naona ni heshima kwa wale waliotunga.

Kinanda cha Stanford, Opus 85, kilikuwa jibu jingine: filimbi 4,332, pamoja na za ziada kwa baadhi ya sauti, na mpigaji ana mtaimbo mdogo wa kuhama kutoka upatanisho wa kale kwenda ule uliofuata enzi za Bach. Chuo kilekile alichokiacha akiwa kijana. Fisk alifariki Desemba 1983, miaka 58, kazi haijaisha. Wenzake wa karakana wakaimaliza 1984.

Karakana haikufa naye. Mwaka 2003 watu wa Gloucester waliweka kinanda kipya katika kanisa kuu la Lausanne, Uswisi, mara ya kwanza kanisa kuu la Ulaya kununua kinanda kutoka kwa fundi wa Marekani. Ufundi ulioazimwa Ulaya ulirudi kwao kwa meli.

Kile cha Harvard nacho kimehama, sasa kiko kanisani Austin, Texas. Ukiwa huko, au ukisoma Stanford au Wellesley, nenda siku ya onyesho. Kaa karibu, usikilize zile sekunde mbili kabla ya sauti ya kwanza, mivukuto inapojaa.