Kuondoa Samani na Vyombo Vikubwa vya Nyumbani (Sehemu ya Pili): Kitanda, Godoro na Friji

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu taka za kila siku, yaani zile zinazobebwa kwa ndoo na kutupwa katika shimo la nyuma ya nyumba. Sehemu hii inahusu vitu visivyoingia katika ndoo wala katika shimo: vitanda, makabati, makochi, magodoro, majokofu na televisheni za zamani. Iguguno, mji mdogo wa Wilaya ya Mkalama ulio kando ya barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega, ni mfano unaofaa kuchunguzwa, kwa kuwa barabara hiyo hurahisisha kuingia kwa bidhaa mpya, ilhali lori lililoshusha makochi haliondoki na yale yaliyochakaa.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni mahali vitu hivyo vinapoishia vikitupwa ovyo. Sehemu kubwa ya Mkoa wa Singida, uliko mji huo, imo katika Bonde la Kati, yaani eneo ambalo mito na makorongo yake hayafiki baharini bali huishia katika maziwa ya ndani kama Kitangiri na Eyasi. Makorongo hayo hukauka kwa miezi mingi, kisha hujaa ghafla mvua zinapoanza, na chochote kilichotupwa humo wakati wa kiangazi husombwa na kushushwa chini, kwenye visima vya mchangani ambako watu huchota maji na mifugo hunyweshwa. Bonde lisilo na mlango wa kutokea huhifadhi kila sumu inayoingia, na kwa sababu hiyo korongo la Singida ni mahali pabaya kuliko pengine popote pa kutupia friji.

Samani za mbao ndizo zenye matumaini makubwa. Kitanda cha mninga kilichovunjika mguu si taka, kwani mninga huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na kiini chake hakishambuliwi kwa urahisi na mchwa. Ubao wake wa miaka 30 ukipigwa randa huonyesha rangi ileile ya hudhurungi uliyokuwa nayo siku ulipoundwa. Fundi seremala akigonga taratibu maungio ya ulimi na tundu, yaani yale ambayo ncha ya ubao mmoja huchomekwa katika tundu la mwingine, hupata mbao nzima za kutengenezea kigoda, rafu au dawati. Mwaka 2016, baada ya elimu bila ada kuongeza idadi ya wanafunzi, nchi nzima ilihangaika kutafuta madawati, na tangu hapo hakuna sababu ya kuacha mbao ngumu zioze uani wakati shule iko jirani.

Haifai, hata hivyo, kuzifanya kuni samani zote. Makabati ya kisasa aghalabu huundwa kwa unga na vipande vya mbao vilivyoshindiliwa kwa gundi, na gundi hiyo ikiungua hutoa fomaldehidi, gesi inayowasha macho na koo na inayotambuliwa kuwa chanzo cha saratani. Rangi za zamani nazo huweza kuwa na risasi, ambayo hubaki katika majivu na kuwadhuru zaidi watoto.

Godoro la sponji linahitaji uangalifu wa namna yake. Sponji hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki yenye mapovu, ambayo ikichomwa hutoa kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni, gesi mbili zinazoweza kuua katika chumba kilichofungwa. Sponji safi hukatwa na fundi wa makochi ikawa ya kujazia mito. Godoro lenye kunguni lisigawiwe mtu yeyote, hata kwa nia njema, maana kunguni huweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya damu, na zawadi ya namna hiyo humhamishia jirani mateso ya mwaka mzima.

Friji ndiyo ngumu kuliko vyote. Nyuma yake, upande wa chini, kuna kompresa nyeusi inayosukuma gesi katika mirija. Mnunuzi wa vyuma chakavu huitaka kompresa hiyo na shaba iliyomo, na njia ya haraka ya kuipata ni kukata mrija, gesi ikatoka kwa mlio mfupi na kupotea hewani. Katika majokofu ya zamani gesi hiyo huwa R-12, inayoharibu tabaka la ozoni na ambayo Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 iliweka msingi wa kuikomesha; katika mengi yaliyofuata ni R-134a, isiyodhuru ozoni lakini yenye uwezo wa kuongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Fundi mwenye mashine huivuta gesi na kuihifadhi katika mtungi kabla ya kukata chochote. Friji inayosubiri fundi ing'olewe mlango siku hiyohiyo, kwa kuwa mtoto akijifungia ndani hukosa hewa.

Televisheni za kichogo zisivunjwe kamwe, kwani kioo chake kina risasi ambayo huweza kufikia kilo moja au zaidi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, na kanuni za mwaka 2021 zinahusu mahususi taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Sheria hizo zinatosha. Kinachohitajika katika mji kama Iguguno ni banda moja lenye paa na sakafu ya saruji, ambapo friji na televisheni zitakusanywa hadi zitoshe kujaza lori la kuzipeleka kwa mwenye kibali cha kuzishughulikia. Halmashauri na viongozi wa vijiji waanze na banda hilo kabla ya mvua, na kila kaya iliyo na friji iliyokufa uani ing'oe mlango wake leo.