Kujua Si Kutenda

Jamani, programu ya kuzuia mimba za utotoni inapimwaje? Si kwa mtihani wa darasani. Kule Mwanza, mradi wa MEMA kwa Vijana ulilinganisha maeneo 20: 10 yalipata mafunzo, 10 hayakupata. Vijana walipopimwa tena 2007 na 2008, waliofundishwa walijua mengi zaidi, lakini mimba hazikupungua.

Siku hizi zipo programu zinazoongeza stadi za afya ya akili: kutuliza hofu, kukataa bila kujiona mkosaji, kuomba msaada. Ni vizuri, ila nazo zipimwe vivyo hivyo, kwa kundi la kulinganisha na kwa miaka kadhaa. Tukihesabu vyeti vya semina tu, tutajipongeza huku wadogo zetu wakiacha shule.