Je, Wajua? Gari Hunusa Moshi Wake Lenyewe

Je, wajua kwamba Probox inayopanda kutoka mjini Embu kwenda Kianjokoma, imesheheni abiria na magunia, hunusa moshi wake njia nzima?

Kwenye bomba la ekzosi, karibu na injini, kuna sensa ya oksijeni, kubwa kuliko plagi kidogo tu. Ndani yake mna kikombe cha kauri ya zirkonia kilichopakwa platini ndani na nje. Nje hupita moshi. Ndani huingia hewa safi. Kauri ikipata moto wa nyuzi 300 hivi, tofauti ya oksijeni kati ya moshi na hewa huzaa umeme. Petroli ikizidi, oksijeni huisha motoni na umeme hukaribia volti 0.9. Hewa ikizidi, hushuka hadi 0.1 hivi. Umeme huo hautoki kwenye betri. Sensa huuzalisha yenyewe! Kompyuta ya gari huusoma, ikaongeza au kupunguza petroli, ikilenga kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli.

Sasa tazama mlima. Kianjokoma, huku kwenye mashamba ya majani chai, ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa huwa nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 14 hivi. Gari la kabureta lililorekebishwa pwani likifika huku humiminiwa petroli kupita kiasi: moshi mweusi, plagi zenye masizi, nguvu kidogo. Lenye sensa hujirekebisha lenyewe.

Kampuni ya Bosch ndiyo iliyoitengeneza, na mwaka 1976 ikaanza kufungwa kwenye magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani. Huku kwetu isingedumu wakati ule, kwa sababu madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya petroli huharibu ile platini. Kufikia mwanzoni mwa 2006 Kenya ilikuwa imeachana na petroli hiyo, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa hiyo ndugu dereva, taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi na gari likianza kunywa mafuta, usikubali sensa ing'olewe na waya zifungwe kwa utepe. Mwombe fundi aipime kwanza, na ikiwa imekufa, funga nyingine.