Neno "Sanifu" na Ubunifu Kazini

Wafasiri wa miongozo ya kazi za viwanda, mabenki na idara za serikali hukutana mara kwa mara na dhana mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza ni ile ya kazi kutendwa na watu wote kwa namna moja iliyokubaliwa na kuandikwa. Ya pili ni ile ya mfanyakazi kutumia akili yake kuleta jambo jipya. Baadhi ya tafsiri huipa dhana ya kwanza sura ya amri, na hivyo ya pili hupata sura ya ukaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mvutano huo aghalabu hautokani na kazi yenyewe, bali hutokana na neno lililochaguliwa. Na kwamba neno sanifu, ambalo tunalo tayari, lina nafasi ya dhana zote mbili.

Kwanza yafaa tuyatenge maneno manne yaliyo jirani. Amri hutoka juu na hudai utii; si lazima itoe sababu. Kanuni huweka mpaka baina ya linaloruhusiwa na lisiloruhusiwa, na mwenye kuivunja huweza kuadhibiwa. Kiwango ni kipimo ambacho kitu hulinganishwa nacho, kama vile ubora wa saruji au wa mabati. Ndiyo maana chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1975 kikaitwa Shirika la Viwango Tanzania. Utaratibu sanifu ni tofauti na hayo matatu. Huo ni namna ya kutenda kazi fulani iliyo bora kuliko zote zinazojulikana kwa sasa, ambayo imeandikwa hatua kwa hatua ili kila mtendaji aifuate. Maneno "kwa sasa" ndiyo kiini cha maana hii. Mfasiri akiyasahau, atakuwa amegeuza utaratibu kuwa amri.

Neno sanifu lina asili ya Kiarabu, ambako kitenzi chake humaanisha kupanga vitu kwa aina zake, na pia kutunga kitabu. Maana hizo mbili hazikupotea katika Kiswahili. Tunaposema Kiswahili sanifu tunakusudia lugha iliyopangwa na kukubaliwa kwa matumizi ya wote. Tunaposema msanifu majengo tunamkusudia mtu anayebuni umbo la jengo ambalo halijakuwapo. Kwa hiyo kusanifu ni kutunga kwa ustadi, na kusanifisha ni kukifanya kilichotungwa kiwe cha wote. Lugha yenyewe haikuona ajabu kuweka utungaji na upangaji chini ya shina moja.

Historia ya viwanda inatufunza jambo hilo hilo. Mwaka 1911, Frederick Taylor wa Marekani alichapisha kitabu chake juu ya uongozi wa kazi kwa njia ya sayansi. Kwa mujibu wa mfumo wake, kazi ilipimwa kwa saa, ikagawanywa katika vitendo vidogo vidogo, na kuipanga kukawa juu ya ofisi maalumu, ilhali mtendaji alibaki kutenda. Hapo ndipo wengi walipopata fikira kwamba utaratibu ulioandikwa huua ubunifu.

Kampuni ya Toyota ya Japani ilishika njia nyingine. Taiichi Ohno, aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa mfumo wake wa uzalishaji, alisisitiza kwamba utaratibu wa kazi uandikwe na watu wa karakana wenyewe na utundikwe mahali pa kazi. Ulitaja mambo matatu: muda wa kukamilisha kitu kimoja, mfuatano wa vitendo, na kiasi cha vifaa kinachopaswa kuwapo mkononi. Mwaka 1951 kampuni hiyo ilianzisha pia mpango wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi. Hivyo aliyefuata utaratibu ndiye aliyetarajiwa kuurekebisha. Jitihada hiyo ya kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma ndiyo iitwayo kaizen.

Fikira hizo zimekwisha kutufikia. Mwaka 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilikuwa ya kwanza nchini Tanzania kuzijaribu katika huduma za afya. Hatua tano za kupanga mahali pa kazi, ambazo kwa Kijapani zote huanza na herufi S, zilipewa majina ya Kiswahili yenye kuanza na herufi hiyo hiyo: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Msomaji atazame hatua ya nne. Neno lake la Kijapani, seiketsu, kwa asili lina maana ya hali ya usafi. Kiswahili kimefuata kazi inayofanywa na hatua hiyo, wala hakikufuata maana ya asili. Huo ni uteuzi mwema. Atazame pia nafasi ya neno hilo katika mfuatano: kusanifisha huja baada ya watu kusasambua, kuseti na kusafisha kwa mikono yao wenyewe. Kinachosanifishwa ni kile walichokwisha kukiona kuwa kinafaa.

Tuchukue mfano wa masjala. Tuseme makarani watatu hupokea barua, na kila mmoja ana mtindo wake wa kuzisajili na kuzitia jaladani. Barua ikipotea, haiwezekani kujua ni hatua ipi iliyokosewa, kwa kuwa hapana mfuatano mmoja wa kulinganisha nao. Karani mmoja akibuni njia ya haraka zaidi, hapana awezaye kuthibitisha kuwa ni ya haraka. Na siku atakapohamishwa, ataondoka nayo. Lakini pakiwapo utaratibu ulioandikwa, kasoro huonekana, pendekezo hupimwa, na likishinda huandikwa mahali pa lile la zamani. Kutokana na hayo twaona kwamba wazo jipya linahitaji utaratibu sanifu mara mbili: mwanzoni, ili lipate kupimwa, na mwishoni, ili lipate kudumu.

Hata hivyo, pana mipaka. Katika kipimo cha dawa au malipo ya fedha za umma, mtendaji hawezi kubadili hatua papo hapo kwa kuwa amepata wazo. Wajibu wake ni kufuata, kisha kupendekeza. Kwa upande mwingine, mazungumzo na mteja mwenye shida hayawezi kuandikwa neno kwa neno. Mwongozo mwema hubainisha lipi ni kanuni, lipi ni utaratibu, na lipi limeachiwa busara ya mtendaji; na tafsiri yake haina budi kuzihifadhi tofauti hizo.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, istilahi utaratibu sanifu itumike kwa hatua za kazi zilizoandikwa, na maneno amri na kanuni yaachiwe mahali pake. Pili, ubunifu uwe ni uwezo wa kuzaa wazo jipya na kulitia katika kazi, na uvumbuzi uwe ni kupata kitu au njia isiyojulikana kabla. Si kila mbunifu ni mvumbuzi. Tatu, kila mwongozo unaofasiriwa uonyeshe tarehe ya toleo lake na mahali pa kupeleka mapendekezo, iwapo matini ya asili inayo mambo hayo. Wapo wafasiri wanaoyaacha wakidhani ni mapambo. Pasipo mistari hiyo miwili, mfanyakazi atasoma hatua kumi za kutii, asijue kwamba aliyeziandika alimwachia nafasi ya kuandika ya kumi na moja.